Simulizi za mapenzi za kulipia WhatsApp: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu. Grupu ninalosomea simulizi za mapenzi linalipiwa Sh 3,000 kwa mwezi. Unatuma kwa simu, unampelekea admini ujumbe wa muamala, anakuunganisha. Vipande viwili vinashushwa kila usiku, saa tatu na saa nne, Jumapili mapumziko. Asiyeweza kusubiri ananunua simulizi nzima kwa PDF, kati ya Sh 1,000 na Sh 5,000 kutegemea urefu na jina la mtunzi. Nimekuwa mteja kwa muda wa kutosha kujua inanoga wapi na inaudhi wapi. Naandika kwa ajili ya anayefikiria kujiunga, na pia kwa wale wanaonicheka kwamba mtu mzima na akili zangu nasoma hadithi ambazo mwisho wake unajulikana tangu kipande cha kwanza.

Mwisho unajulikana, ndiyo. Hicho ndicho ninacholipia.

Kazi yangu ni duka la dawa. Kutwa nzima wanapita mbele yangu watu ambao sijui mambo yao yataishia wapi. Huyu anaomba nusu dozi ya antibaotiki kwa sababu hela imeishia hapo. Namwambia nusu dozi haitibu, ananiangalia tu. Yule ananunua kipimo cha mimba na kukisokomeza ndani ya khanga kabla sijampa chenji. Wakishatoka mlangoni sisikii tena habari zao. Jioni nikiwa kwenye mwendokasi kurudi Kimara, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine una simu, nataka habari za watu wawili ambao nina hakika wataoana.

Wasiozisoma hudhani kanuni hii ya mwisho unaojulikana ni uvivu wa watunzi wa siku hizi. Ni ya zamani sana. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, ikichapa vitabu vya kila aina; ni miaka ya 1930 ndipo ilipojikita kwenye mapenzi, wateja wake wakubwa wakiwa maktaba za kukodisha vitabu. Harlequin ya Kanada, iliyoanza Winnipeg mwaka 1949, ikainunua mwaka 1971, na tangu 2014 zote mbili ziko chini ya HarperCollins. Vile vitabu vyembamba ndivyo tulivyokuwa tukiviokota kwa wauza mitumba wa Posta, jalada limechanika, jina la mwenye kitabu wa kwanza limeandikwa kwa kalamu ukurasa wa ndani. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani kiliweka masharti mawili tu ya kukiita kitabu riwaya ya mapenzi: penzi liwe ndicho kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Yaliyobaki ni shauri la mtunzi.

Kwetu kanuni hiyo ina sura zake, na msomaji mzoefu huitambua sura kwa mstari wa kwanza. Msichana katoka Singida kuja kufanya kazi za ndani Mbezi Beach. Mtoto wa nyumba hiyo anarudi kutoka masomoni Kanada. Au binti wa Tandale anagongana na kijana wa Masaki mlangoni mwa benki, mafaili yanaanguka, wanainama wote wawili. Kuna ndoa ya mkataba, ambapo tajiri anahitaji mke wa miezi sita ili apate urithi wa babu yake. Kuna mtoto wa siri, pacha waliotenganishwa utotoni, shosti mnafiki, mama mkwe na mganga wake, ajali ya gari karibu na Chalinze, na kijana anayezinduka hospitalini akimkumbuka kila mtu isipokuwa mkewe. Kabla ya simu tulizisoma hizi kwenye magazeti ya udaku, ukurasa mmoja kwa toleo, na pale chini: itaendelea.

Niwape mfano wa kitu kinachonirudisha kila mwezi. Katika simulizi niliyomaliza karibuni, Nasra dada wa kazi na Brayton mtoto wa bosi walikuwa wameshagombana kwa sababu ya shati lililoungua kola. Magomvi ya kawaida, nimeyasoma mno. Usiku mmoja umeme unakatika. Nasra yuko jikoni anachambua mchele wa pilau la kesho yake, wageni wanakuja. Brayton anapita kutafuta maji ya kunywa, anamkuta kauinamia ungo gizani. Anavuta stuli, anakaa, anawasha tochi ya simu na kuumulika ungo. Hasemi kitu. Nasra naye hasemi, anaendelea kutoa mawe na chuya na kuviweka kwenye mfuniko wa sufuria. Simu inalia kwamba chaji inakaribia kuisha. Kijana anaizima sauti, anaendelea kumulika. Mchele ulipokwisha akasimama, akasema "haya," akaenda kulala bila yale maji aliyoyafuata.

Hakuna aliyemshika mwenzake hata kidole. Lakini grupu usiku ule halikulala. Watu wameandika "jamani" tupu, moja chini ya nyingine, mpaka admini akafunga maoni. Na mtunzi mwenyewe ni mtu anayeandika "xaxa" akiwa na maana ya sasa, aya zake hazina nukta, r na l zimebadilishana viti. Mwalimu wangu wa Kiswahili angemrudishia karatasi yote ikiwa nyekundu. Ila anajua kumtazama mtu. Na kwa kuwa sote tulijua wataoana, hakuna aliyepoteza usiku kujiuliza kama wataoana. Tulikuwa na nafasi ya kuutazama ule ungo. Riwaya zenye heshima, zile za kusomwa shuleni, mara nyingi hazinipi nafasi hiyo, kwa sababu muda wote nahofia nani atakufa.

Sasa udhia.

Vipande kumi hivi baada ya ungo, mama yake Brayton anamwonyesha mwanawe picha ya Nasra amesimama na mwanaume stendi ya Mbezi. Mwanaume huyo ni kaka yake, kaja kumletea habari za nyumbani. Sisi wasomaji tunajua. Nasra ana simu. Brayton ana simu, tena ile ile yenye tochi. Hakuna anayempigia mwenzake. Brayton anapanda ndege kwenda Dubai, Nasra anarudi kwao na mimba, na tunakaa hapo mwezi mzima tukisoma watu wawili wanavyolia katika miji miwili. Najua kwamba bila kikwazo hakuna hadithi. Lakini kuna kikwazo chenye uzito, kama deni, dini, ugonjwa, baba mkali, na kuna kikwazo cha kukosa vocha.

Muda mrefu nilidhani ni udhaifu wa mtunzi mmoja mmoja. Siku hizi nadhani ni namna tunavyowalipa. Kile kitabu chembamba cha mitumba, cha bosi na sekretari, kina maneno yapatayo 50,000, na kikifika robo ya mwisho mtunzi lazima aanze kuwapatanisha hata kama hajisikii, maana karatasi zinaisha. Mtunzi wa WhatsApp analipwa kwa mwezi. Wapenzi wakipatana tarehe 28, wasomaji wanashusha pumzi, na baadhi yao tarehe 1 hawalipi. Ndiyo maana magomvi makubwa huzuka mwisho wa mwezi. Chunguzeni, mtaniambia. Magazeti ya udaku nayo yalikuwa na mchezo huu: hadithi ikiuza gazeti, mhariri gani anataka iishe? Kwa hiyo simulizi iliyostahili vipande 40 inafika 90, na inakuwa chai iliyoongezwa maji kwa sababu wageni wameongezeka.

Kuna lililo baya zaidi, linaitwa msimu wa pili. Wameoana. Mtoto amezaliwa, tumepiga vigelegele, mama mkwe kaomba radhi kwa magoti. Wiki mbili baadaye linatoka tangazo: msimu wa pili, kumbe Brayton alikuwa na mke Dubai. Hapo mimi nahesabu nimeibiwa. Kanuni inayowachekesha watu ni makubaliano baina yangu na mtunzi: mimi nitavumilia picha za stendi, wewe utanifikisha harusini na utaniacha hapo. Anayenirudisha barabarani baada ya kunifikisha amevunja makubaliano, hata kama ameandika vizuri. Na kuna mtunzi mmoja, jina nalihifadhi, aliwaacha wapenzi wake wamesimama uwanja wa ndege, akafungua simulizi nyingine yenye ada mpya. Tulipouliza muendelezo, jibu likawa njoo inbox na Sh 2,000.

Nilizijaribu pia programu za kigeni zinazouza sura kwa sarafu za humo humo. Sura za mwanzo bure, halafu unanunua sarafu bila kuona vizuri umetumia shilingi ngapi, mpaka unagundua kwamba simulizi moja imekula hela ya vitabu vitatu vya karatasi. Zile zilizotafsiriwa kwa mashine kuja Kiswahili sizipendekezi kwa mtu yeyote. Bilionea anazungumza kama tangazo la benki, na hujui nani ni shangazi na nani ni mama mkwe.

Mnivumilie kwa malalamiko ya kazini kwangu. Katika simulizi hizi msichana analala na kijana usiku wa Ijumaa, Jumamosi asubuhi anatapika, mchana kipimo kina mistari miwili. Ndugu watunzi: kile kipimo kinatafuta homoni kwenye mkojo, na homoni hiyo huanza kutengenezwa baada ya mimba kujishika kwenye ukuta wa mji wa uzazi, ambayo ni kama wiki moja au zaidi tangu itungwe. Kipimo kinaaminika vizuri ukishakosa siku zako. Kutapika nako kwa wengi huanza kwenye wiki ya sita, ukihesabu tangu hedhi ya mwisho. Mkimpa msichana wiki chache za kuhesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, akijidanganya kwamba ni malaria, mtapata vipande vitano vizuri bila kumpeleka mtu Dubai. Nawapa bure.

Makundi ya damu ndiyo yananimaliza. Baba ni A, mama ni B, mtoto kapimwa ni O, basi ndoa imevunjika, mtoto si wake. Wazazi wa A na B wanaweza kabisa kupata mtoto wa O, ikiwa kila mmoja amebeba kinasaba cha O. Nimeshuhudia watu dukani wakiuliza swali hili kwa sauti ya chini, na nina wasiwasi baadhi yao wamelipata kwenye simulizi. Upande wa DNA, mama mkwe huiba unywele kwenye kitana, anaupeleka kwa daktari rafiki yake, jioni jibu liko kwenye bahasha ya kaki. Kwa Tanzania Bara kipimo hicho kinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, na ombi hupitia kwa wanaotajwa na sheria, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Mama mkwe kwenye foleni ya ustawi wa jamii, na mkoba wake wa dhahabu, ningelipia kumsoma.

Na ile ndoa ya mkataba ya miezi sita! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na ndoa iliyofungwa kwa makusudio ya kuwa ya muda ni batili. Kwa hiyo yule dada aliyehangaika vipande arobaini kujinasua kwenye ndoa ya bilionea alikuwa anajinasua kwenye kitu ambacho hakikuwapo. Angemuuliza karani yeyote wa bomani. Hata hivyo nakiri, ndoa ya mkataba ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inawaweka watu wasiojuana meza moja ya kifungua kinywa, na hapo ndipo watunzi wetu wanapong'ara: nani anakunywa chai ya rangi, nani anaficha kwamba hajui kutumia uma, wifi anaingia bila hodi na maneno yake ya mafumbo. Kwa ugomvi wa wifi hakuna anayewafikia. Mazungumzo yanakwenda kama unasikiliza nyumba ya jirani.

Kinachoniudhi kwa uzito mwingine ni kofi. Kijana anampiga msichana kofi la wivu kipande cha 12. Kipande cha 14 anamletea Harrier nyekundu imefungwa utepe, nasi tunategemewa kuyeyuka. Vitabu vya mitumba vya zamani navyo vilijaa wanaume wa kumkamata mtu mkono kwa nguvu, ila kadiri wasomaji wao walivyokataa, navyo vikabadilika. Nilipolalamika grupuni, wengi wakanijibu dada, hiyo ni hadithi tu. Kisha mmoja akaandika kwamba wa kwake naye alianza na kofi la wivu, na gari halijaja mpaka leo. Grupu likatulia kidogo, halafu mtu akaweka vikaragosi vya kucheka, na kipande cha saa nne kikashushwa.

La mwisho katika malalamiko: chuo. Kipande cha kwanza Nasra anafanya kazi za ndani ili apate ada ya kusomea unesi. Ana daftari, anaandika akiba yake kila mwezi, anaificha hela kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Nilimpenda kwa lile kopo. Brayton alipoingia, kopo likatoweka. Harusi ilifanyika, nyumba ikajengwa Goba, na hakuna aliyeuliza tena habari za unesi, hata mwenyewe. Mapenzi yamemfikisha, hesabu imefungwa. Nimesoma famasi kwa ada ya kuungaunga, kwa hiyo pengine nina upendeleo, lakini sioni kwa nini sherehe ya mahafali isiwe sehemu ya mwisho mwema. Ingeweza hata kuwarefushia mwezi.

Kwa upande wa huduma yenyewe, sehemu ambayo sikuitarajia ni wasomaji. Tuko wa Dar, Mwanza, Mombasa, na wapo wanaosoma kutoka Muscat, wakiwa wenyewe ni wafanyakazi wa ndani. Simulizi ya Nasra ilipokuwa inaendelea, mmoja wao alikuwa akituma sauti usiku sana, akimaliza kazi, akirekebisha: hakuna dada wa kazi mwenye muda wa kukaa dirishani akiwaza, mchele wa wageni hauchambuliwi kwa usiku mmoja tu, na hakuna mtoto wa bosi anayeingia jikoni. Baada ya kusahihisha yote hayo, anamalizia kwa kumuomba mtunzi asithubutu kuwatenganisha. Wengine wao wana arosto kunizidi mimi.

Kwa anayetaka kujiunga, namna ninavyochagua ni hii. Kabla sijalipa namuuliza mtunzi kama simulizi imekamilika kuandikwa, na akianza kuzunguka, simlipi. Nasoma kipande cha kwanza cha bure na kuangalia watu wadogo wa hadithi, kama mlinzi, dereva wa boda, dada wa jirani. Mtunzi aliyewapa majina na shughuli zao kwa kawaida hatamtelekeza mtu uwanja wa ndege. PDF nzima mara nyingi ni nafuu kuliko kulipa ada mwezi hadi mwezi, ukiweza kukaa nje ya grupu. Mimi siwezi, kwa sababu zile "jamani" za usiku huzipati kwenye PDF. Na ukiona mkwara wa "msimu wa pili waja", toka grupuni siku hiyo hiyo, ukiwaacha maharusi wako salama.

Juzi admini amefungua kura tuchague simulizi ijayo: ya bilionea aliyepoteza kumbukumbu, au ya mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa Kigoma. Nimempigia mwalimu. Bilionea anaongoza kwa mbali, na ada ya mwezi ujao nimeshatuma.